Lena Horne na Mkasi wa Hollywood

Waheshimiwa walimu, wanafunzi wa sanaa za maonyesho, mabibi na mabwana,

Mliponiomba nizungumze juu ya mwigizaji mmoja wa enzi ya studio kubwa za Hollywood, huenda mlitarajia nije na jina la mtu aliyeigiza filamu nyingi na kubeba tuzo nyingi. Nimekuja na Lena Horne, ambaye ukihesabu kwa haki hakuigiza sana. Alikuwa na mkataba wa miaka saba na studio ya MGM, picha zake zilibandikwa ukutani na askari weusi kila walikopelekwa vitani, na bado filamu za miaka ile ambamo alipewa mhusika kamili, mwenye jina, mwenye maneno ya kusema na mwenye jambo analolitaka katika hadithi, ni mbili tu. Zote mbili zilitoka mwaka 1943, na moja kati yake alikuwa ameazimwa na studio nyingine. Kwingine aliingia akiwa amevaa vazi refu la kupendeza, akaimba wimbo mmoja au miwili, akaondoka, na hadithi ikaendelea kana kwamba hakuna aliyepita.

Sababu ya hali hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame leo. Wengi wenu mmezaliwa katika zama za simu za mkononi na huenda hamjawahi kushika mkanda wa filamu. Mkanda ule ulikuwa kitu cha kukatika. Ukitaka kuondoa kipande, unakata kwa mkasi mahali pawili, unakiweka kando kile cha katikati, kisha unaziunga ncha mbili kwa gundi. Katika miji mingi ya kusini mwa Marekani, ambako sheria zilitenga watu weusi na weupe shuleni, garini na hata makaburini, wakaguzi wa filamu na wenye majumba ya sinema walikuwa na mazoea ya kuondoa vipande vilivyomwonyesha mtu mweusi asiye mtumishi. Katika mji wa Memphis bodi ya ukaguzi iliongozwa kwa miaka mingi na mzee mmoja aitwaye Lloyd Binford, ambaye mwaka 1947 aliipiga marufuku filamu ya watoto kwa kosa la kuonyesha watoto weusi na weupe wakisoma darasa moja. Tusiwacheke Wamarekani peke yao: serikali za kikoloni huku kwetu nazo zilikuwa na bodi za ukaguzi zilizoamua Mwafrika atazame nini na asitazame nini.

Lakini ukaguzi wa kawaida una kelele zake. Kipande kikikatwa, mtazamaji huona hadithi imeruka, mtu aliyekuwa mlangoni sasa yuko kitandani, na hapo hujua kwamba kuna kitu amenyimwa. MGM walilitafutia dawa jambo hilo, tena dawa ya kitaalamu kabisa. Badala ya kungoja mkasi wa Memphis, waliziandika sehemu za Lena Horne tangu mwanzo kwa namna ambayo zingeweza kuondolewa bila kuacha kovu. Hakuzungumza na mhusika yeyote mkuu, hakupokea barua, hakumpenda mtu, hakuchukiwa na mtu. Alisimama kando ya nguzo akaimba. Ukimwondoa, ncha mbili za mkanda zinakutana vizuri. Mtazamaji wa kusini alitoka ukumbini akiwa ameridhika, wala hakujua kwamba kulikuwa na mwanamke humo ndani. Yeye mwenyewe alisema miaka mingi baadaye kwamba walimfanya kuwa kipepeo aliyebanwa kwa pini kwenye nguzo.

Ninyi mnaojifunza kuandika miswada nawaomba mlitafakari hilo kama suala la ufundi kabla ya kulitafakari kama suala la siasa. Mhusika asiye na uhusiano na mtu yeyote katika hadithi huweza kutolewa wakati wowote, hata akiwa na sauti nzuri kuliko wote.

Sasa, ni nani huyu waliyetaka aweze kuondolewa? Alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 30 Juni 1917, katika ukoo wa watu weusi wa tabaka la kati waliosoma na kujivunia usomi wao. Bibi yake mzaa baba, Cora Calhoun Horne, alikuwa mpigania haki wa siku nyingi, naye ndiye aliyempeleka mjukuu wake katika chama cha NAACP kilichoundwa mwaka 1909 kutetea haki za watu weusi. Picha ya Lena ilichapishwa katika jarida la matawi ya chama hicho mwezi Oktoba 1919, akiwa na umri wa miaka miwili, kama mmoja wa wanachama wake wadogo kabisa. Kadi ya uanachama ilimfikia kabla ya kitabu cha kwanza cha kusoma.

Nyumba hiyo yenye heshima haikuwa nyumba yenye utulivu. Baba yake, Teddy Horne, aliyeishi kwa kamari na biashara zinazofanana nayo, aliondoka mtoto akiwa na miaka mitatu hivi. Mama yake, Edna, alikuwa na ndoto ya kuwa mwigizaji na alizungukazunguka na vikundi vya maigizo, akimchukua bintiye safari hii na kumwacha kwa watu safari ile. Kwa muda Lena aliishi jimbo la Georgia kwa ami yake Frank Horne, mwalimu na mshairi, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa washauri weusi katika serikali ya Rais Franklin Roosevelt. Mtoto aliyelelewa hivyo hujifunza mapema kusoma nyuso za watu wa nyumba anayoingia, na pia hujifunza kutowaonyesha yote aliyo nayo moyoni. Nitalirudia jambo hili tukifika kwenye uimbaji wake.

Mwaka 1933, uchumi wa Marekani ukiwa umeanguka, mama yake alimtafutia kazi katika safu ya wasichana wachezaji wa Cotton Club, klabu maarufu ya Harlem iliyomilikiwa na majambazi wa biashara ya pombe. Alikuwa na miaka kumi na sita. Harlem ilikuwa mtaa wa watu weusi huko New York, wachezaji na wanamuziki wa klabu ile wote walikuwa weusi, lakini wateja walikuwa weupe. Mtu mweusi wa mtaa huo huo hakuweza kuingia kama mgeni na kukaa kwenye meza. Mwaka huo huo, katika klabu hiyo hiyo, mwimbaji Ethel Waters ndiye aliyeutambulisha kwa watu wimbo wa Stormy Weather uliotungwa na Harold Arlen na Ted Koehler. Msichana wa safu ya wachezaji hangeweza kujua kwamba miaka kumi baadaye wimbo ule ungebandikwa kwenye jina lake mwenyewe usibanduke tena.

Kutoka hapo alikwenda kuimba na okestra ya Noble Sissle, akaolewa mwaka 1937 na Louis Jones, wakazaa watoto wawili, Gail na Teddy, na mwaka 1940 wakatengana. Akajiunga na bendi ya Charlie Barnet, bendi ya watu weupe, na huko akayaonja yale ya safari: hoteli zilizompokea mpiga tarumbeta zikamkataa mwimbaji. Katika miaka hiyo watu wa biashara ya burudani, walipomwona ngozi yake ilivyo ya maji ya kunde iliyokaribia weupe, walimshauri ajipitishe kuwa mtu wa Amerika ya Kusini. Alikataa. Akaingia Café Society, klabu ya New York iliyomruhusu kila mtu wa kila rangi kukaa anapotaka, na huko akafahamiana na Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mkubwa aliyewahi kumfahamu bibi yake na ambaye alimfungua macho kuhusu ukoo wake na deni lake kwa ukoo huo.

Mwaka 1942 ndipo MGM walipomwita. Mkutano wake na Louis B. Mayer, mkuu wa studio, una kisa ambacho sichoki kukisimulia. Lena alikwenda na baba yake, yule mcheza kamari aliyekuwa ametoweka na kurudi, akiwa amevaa suti yake safi. Mzee Horne alimwambia mkubwa yule kwamba filamu alizoziona huwapa wanawake weusi kazi ya kuwasaidia wanawake weupe kuvaa, na kwamba yeye binafsi ana uwezo wa kumwajiri bintiye mtumishi wa ndani, kwa hiyo haoni kwa nini bintiye aende kuwa mtumishi wa ndani kwenye filamu. Walter White, kiongozi wa NAACP, naye alikuwa nyuma ya msimamo huo. Mkataba ukatiwa saini kwa maelewano kwamba hataigiza mjakazi.

Hapo ndipo penye utamu na uchungu wa jambo hili. Tunapolisikia leo tunapiga makofi, lakini waigizaji weusi waliokuwa Hollywood kabla yake hawakupiga makofi. Wengi wao waliishi kwa majukumu yale yale ya wajakazi na wapagazi. Waliona kwamba msichana huyu kutoka New York, akiungwa mkono na wakubwa wa chama, amekuja kuwavunjia sufuria wanayoipikia. Waliitisha mkutano na kumshutumu. Aliyemtetea na kumkaribisha nyumbani kwake ni Hattie McDaniel, aliyekuwa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, mwaka 1940, kwa kuigiza nani? Kwa kuigiza mjakazi. Usiku wa tuzo hiyo alikuwa ameketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Mama huyo alimweleza Lena kwamba kila mmoja anafanya awezalo kulisha watu wake, na kwamba ana haki ya kutafuta njia yake. Mimi nikipima maneno hayo naona yana hekima zaidi ya makofi yetu, kwa sababu Hattie McDaniel alikuwa amekwishafahamu kwamba kuukataa ujakazi hakumfungulii mtu mlango wa sebuleni. Studio ilitimiza ahadi. Haikumpa ujakazi, na haikumpa kitu kingine.

Lilikuwapo pia suala la rangi yake mbele ya kamera. Ilionekana kwamba akipigwa picha hafanani vya kutosha na wazo la watazamaji juu ya mtu mweusi, basi kampuni ya vipodozi ya Max Factor ikapewa kazi ya kubuni rangi ya kumkoleza, wakaipa jina la Kimisri, kana kwamba binti wa Brooklyn alihitaji kutafutiwa pasipoti. Kwa simulizi yake mwenyewe, kipodozi kile baadaye kilitumika kuwapaka waigizaji weupe waliopewa majukumu ya wanawake chotara, yaani majukumu yale yale ambayo yeye angeweza kuyaigiza bila kupakwa kitu.

Tuje kwenye zile filamu mbili. Cabin in the Sky iliongozwa na Vincente Minnelli, na waigizaji wake wote walikuwa weusi: Ethel Waters, Eddie Anderson, na Lena akiwa Georgia Brown, mwanamke mrembo anayetumwa kumpotosha mume wa mtu. Stormy Weather ilitengenezwa na studio ya 20th Century Fox iliyomwazima, akiwa pamoja na Bill Robinson, Cab Calloway, Fats Waller, Katherine Dunham na wale ndugu wawili Nicholas ambao ngoma yao juu ya ngazi bado inawashangaza wachezaji wa leo. Angalieni: katika filamu za watu weusi watupu hakuna wa kumwondoa, kwa kuwa ukianza kukata utaukata mkanda wote. Ndiyo maana huko ndiko tunakomwona akisema, akitania, akikasirika, na tunagundua kwamba alikuwa na kipaji cha uchekeshaji ambacho MGM hawakukihitaji tena kamwe.

Hata humo mkasi ulimfuata. Katika Cabin in the Sky alirekodiwa akiimba wimbo uitwao Ain't It the Truth huku ameketi katika beseni la kuogea lililojaa povu. Mabeseni ya povu yalikuwa kitu cha kawaida kabisa katika filamu za siku zile, na waigizaji weupe wengi walioga humo bila kumdhuru mtu. Kumwonyesha mwanamke mweusi akifanya hivyo kulionekana kumevuka mpaka, na kipande kikatolewa kabla filamu haijatoka. Safari hii aliyeshika mkasi alikuwa mwenye filamu mwenyewe. Kiwekeni kipande hicho akilini.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitumwa kuwaburudisha wanajeshi. Jeshi la Marekani lilikuwa limetenganisha askari wake kwa rangi, kwa hiyo mwimbaji alipaswa kuimba mara mbili, kwanza kwa weupe, kisha kwa weusi. Katika kambi moja ya kusini alipotoka jukwaani kwa ajili ya askari weusi, aliona viti vya mbele vimejaa watu weupe. Aliuliza ni kina nani. Akaambiwa ni wafungwa wa kivita wa Kijerumani. Askari wa Marekani waliovaa sare ya nchi yao walikuwa wameketishwa nyuma ya maadui waliotekwa. Alishuka jukwaani, akawapita wale Wajerumani mpaka kwa askari weusi waliokuwa nyuma, akawapa mgongo wafungwa, akaimba. Kisha akapeleka malalamiko kwa NAACP. Ziara zake chini ya mpango ule rasmi zikakoma, naye akaendelea kuwatembelea askari weusi kwa fedha zake mwenyewe.

Baada ya vita MGM walimpa kionjo cha kile alichostahili, kisha wakakichukua. Mwaka 1946, katika filamu ya maisha ya mtunzi Jerome Kern, alionekana kwa dakika chache kama Julie, mwanamke chotara wa tamthilia ya muziki Show Boat. Ni Julie hasa: mtu anayefukuzwa kazini pale asili yake inapogunduliwa. Studio ilipoamua kuitengeneza Show Boat kama filamu kamili, iliyotoka mwaka 1951, Lena aliitamani nafasi hiyo kuliko zote. Kanuni za maadili zilizotawala filamu za Marekani zilikuwa zikikataza kuonyesha mapenzi kati ya watu weusi na weupe, na Julie ana mume mweupe. Nafasi akapewa Ava Gardner, mweupe, tena rafiki yake, aliyejifunza kuzitamka nyimbo zile kwa kusikiliza sahani za Lena. Mwishowe hata sauti ya Gardner haikutumika, akaimbiwa na mwimbaji mwingine, Annette Warren. Kwa hiyo studio iliyokuwa imekaa na Lena Horne kwenye mkataba miaka yote ile ilitumia wanawake wawili weupe kumtengeneza mwanamke mmoja chotara. Sijapata kuona hesabu ya ajabu kuliko hiyo.

Kulikuwa na kejeli nyingine nyumbani kwake. Desemba 1947 alifunga ndoa Paris na Lennie Hayton, mwanamuziki mweupe aliyeongoza okestra za MGM. Walikwenda Ufaransa kwa sababu California, jimbo la filamu, bado ilikuwa na sheria ya kuwakataza weusi na weupe kuoana, sheria iliyofutwa na mahakama mwaka uliofuata. Na hata hivyo waliificha ndoa yao hadi mwaka 1950. Jambo ambalo kanuni za filamu zilisema halionyesheki ndilo lililokuwa likipikiwa chai jikoni kwake kila asubuhi.

Mwaka huo huo wa 1950 jina lake lilichapwa katika kitabu kilichoorodhesha wasanii walioshukiwa kuwa na mwelekeo wa kikomunisti, kwa sababu ya urafiki wake na Robeson na vyama alivyoviunga mkono. Kwa miaka kadhaa redio, televisheni na filamu zilimwepuka. Sitakaa sana hapo, kwa maana hadithi ya orodha zile inajulikana. Ninachotaka kukichukua ni kwamba mlango ulipofungwa upande huo, alibaki na klabu za usiku, na huko ndiko alikokuwa mwimbaji.

Nasema alikokuwa mwimbaji kwa makusudi. Alipoanza hakuwa na sauti kubwa, wala yeye hakujidai kuwa nayo. Aliyemsaidia kuijenga ni rafiki yake wa moyoni Billy Strayhorn, yule mtunzi na mpiga piano wa okestra ya Duke Ellington, ambaye alimzoeza pumzi, nyimbo na usikivu. Katika klabu za New York, Las Vegas, London na Paris alijitengenezea mtindo wa peke yake: maneno yanatamkwa kwa ukali kidogo, karibu kuyang'ata, macho yamemkazia mtu, mwili umenyooka, na mwisho wa mstari sauti inakatwa ghafla kama mlango uliofungwa kwa adabu. Sahani yake iliyorekodiwa mbele ya hadhira katika hoteli ya Waldorf-Astoria mwaka 1957 ni mahali pazuri pa kuusikia mtindo huo. Kuna wanaosema ulikuwa wa baridi. Hawakosei, na yeye hakukana. Alieleza kwamba hadhira ile ingempata mwimbaji, lakini mwanamke isingempata. Fikirieni alikuwa akiwaimbia kina nani: watu waliolipa fedha nyingi kumtazama katika hoteli ambazo nyingine zisingempa chumba. Mtoto yule aliyejifunza katika nyumba za watu kutoonyesha yaliyo moyoni alikuwa sasa anakitumia kipaji hicho kama ngao, na ngao hiyo ikawa sanaa. Nikisikiliza sahani ile naona ubaridi wake una joto jingi chini yake, kama makaa yaliyofunikwa majivu. Lakini kila mtu na sikio lake.

Majivu yalipeperuka mwaka 1960. Katika mgahawa mmoja wa Beverly Hills mlevi mmoja mweupe aliyeketi karibu alimtukana kwa rangi yake. Lena akasimama na kumrushia alichokipata mezani, kisahani cha majivu ya sigara kikiwamo, mpaka mtu yule akatokwa na damu. Magazeti yakaandika. Aliogopa kwamba watu watamlaani. Badala yake alipokea barua za pongezi kutoka kwa watu weusi wa kawaida, wale ambao kwa miaka mingi alidhani wanamwona kama sanamu ya dukani, na kwa maelezo yake barua hizo ndizo zilizomfanya ajione kwamba ni mmoja wao. Mei 1963 alikuwa pamoja na waandishi James Baldwin na Lorraine Hansberry na mwimbaji Harry Belafonte katika mkutano mkali na Robert Kennedy, mwanasheria mkuu wa Marekani. Mwanzoni mwa Juni alikwenda Jackson, Mississippi, kuhudhuria mkutano wa hadhara pamoja na Medgar Evers, kiongozi wa NAACP jimboni humo, na siku chache baadaye, tarehe 12, Evers akapigwa risasi nje ya nyumba yake. Agosti 28, katika maandamano makubwa ya Washington, alipopewa kipaza sauti hakuimba. Alitamka neno moja tu lenye maana ya uhuru, akalivuta kwa sauti yake yote. Mwaka huo huo alirekodi wimbo uitwao Now!, uliotaka haki itolewe sasa hivi, na mwaka 1965 mtengenezaji filamu wa Kuba, Santiago Álvarez, akauwekea picha za polisi wakiwapiga waandamanaji. Ni filamu fupi inayofundishwa mpaka leo, na sauti ya Lena ndiyo inayoibeba mwanzo hadi mwisho. Humo huwezi kumkata.

Kisha likaja giza. Strayhorn alifariki mwaka 1967. Mwaka 1970 alifariki baba yake Lena, na mwaka huo huo mwanawe Teddy kwa ugonjwa wa figo. Mwaka uliofuata akafuata mumewe. Kwa muda hakuimba. Marafiki walimrudisha polepole, na mnamo Mei 1981, akikaribia miaka sitini na minne, alifungua Broadway, penye kumbi kubwa za maonyesho za New York, onyesho lake mwenyewe, Lena Horne: The Lady and Her Music, lililochezwa mara 333 na kufungwa siku alipotimiza miaka sitini na mitano. Katika onyesho hilo aliuimba wimbo wa Stormy Weather mara mbili. Mara ya kwanza aliuimba kama Hollywood walivyomfundisha, nadhifu, kila kitu mahali pake. Mara ya pili, baadaye usiku huo huo, aliuimba kama mama aliyezika mtoto, akiunguruma, akiuvunja mdundo, akitoka jasho, na waliokuwapo walisimama. Anayetaka kujua tofauti kati ya kuimba wimbo na kuumiliki wimbo autafute mkanda wa sauti wa onyesho lile, azisikilize mara zote mbili kwa mfuatano.

Alifariki New York tarehe 9 Mei 2010, akiwa na umri wa miaka tisini na miwili, na tangu Novemba 2022 ukumbi mmoja wa Broadway unaitwa kwa jina lake, wa kwanza kupewa jina la mwanamke mweusi. Lakini nirudi nyuma kidogo, mwaka 1994, studio ya MGM ilipotoa filamu ya tatu katika mfululizo wa kumbukumbu za filamu zake za muziki na kuwaalika wasanii wa zamani wawe wasimulizi. Lena Horne, sasa bibi wa miaka sabini na kitu, alikuwa mmoja wao. Aliitazama kamera ya studio ile ile, safari hii bila nguzo, akaeleza kwa utulivu jinsi walivyomtendea na jinsi nafasi ya Julie ilivyompita. Ndani ya filamu hiyo, zaidi ya miaka hamsini tangu kikatwe, kinaonekana kile kipande: msichana katika beseni la povu, anacheka, anaimba Ain't It the Truth.

Ninacho hapa. Mwenye mashine, tafadhali zima taa.